Muuguzi Aliyeagwa Mara Tatu

Binadamu huagwa kwa sababu mbili: amesafiri, au amekufa. Lakini alikuwepo mwanamke aliyeagwa kwa keki na hotuba, na Jumatatu yake akaonekana kazini, mzima wa afya, anaosha mikono mpaka viwikoni. Akaagwa tena, akaonekana tena. Watu walimtazama kama mzimu uliorudi kudai sahani zake. Jina alilopewa na wazazi likafifia, na wagonjwa, wapishi na hata mlinzi wa getini wakawa wanamwita Kwaheri.

"Shikamoo, Kwaheri."

"Marahaba. Wameamkaje?"

Mgeni akisikia salamu ile alidhani hospitali nzima imeshikwa na homa ya kichwa.

Kwaheri alikuwa nesi wa chumba cha njiti, wale watoto wenye haraka ya dunia wasiosubiri miezi yao itimie. Wengine walikuwa wadogo kiasi kwamba ukimfunika mmoja kwa leso, leso inabaki ya kukunja. Chumba kilikuwa na dirisha lililozibwa pembeni kwa plasta ili upepo usipenye, na masanduku mawili ya kioo ya kuwatia joto. Moja lilifanya kazi. La pili lilikufa zamani, likawa kabati la nepi. Kwa hiyo joto lililotegemewa zaidi ni lile la Mungu: kina mama waliketi kwenye viti vya plastiki, watoto wamefungwa vifuani, ngozi kwa ngozi, wameotamia kama kuku. Kwaheri alipita kwa kila mmoja akigusa vinyayo kujua nani anapoa, akiwalisha kwa mpira mwembamba kama uzi, tone kwa tone. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Na mwana mwenyewe akiwa hajamaliza kuwa mimba, hapo ndipo utajua.

Kazi hiyo aliipenda. Kilichomshinda ni mshahara, ambao ulikuwa kama mjomba mlevi: hujui atakuja siku gani, na akija mfuko mtupu. Paa la nyumba ya mama yake lilikuwa limetoboka mpaka mvua ikinyesha walihamia chini ya meza, meza nayo ikaanza kuvuja. Mdogo wake alifukuzwa shule kwa kukosa ada mara nyingi hata akawa anaijua njia akiwa amefumba macho. Basi Kwaheri akafanya kama wenzake, akaomba kazi nchi za baridi, huko ambako wazee ni wengi kuliko vijana wa kuwaogesha. Wakamjibu haraka. Watu wa huko, kwa nesi, hawana mambo ya njoo kesho.

Sasa, habari ya kuagwa. Metroni, mkuu wa manesi wote pale hospitalini, alikuwa mwanamke mwenye kauli moja na viatu vya kishindo. Manesi walipoanza kutoroka kimya kimya, leo yupo, kesho kitanda kinaulizana na kitanda, Metroni aliapa kuwakomesha. Akatoa amri: yeyote anayetaka kuondoka atasimamishwa barazani mbele ya wagonjwa, aambiwe ukweli wake, aone haya. Basi wa kwanza akasimamishwa. Metroni akahutubia juu ya usaliti mpaka sauti ikakauka. Ila mpishi, kwa huruma, alikuwa ameleta soda. Mwingine akaleta keki. Wagonjwa wenye miguu yao wakatoka wodini, wasio na miguu wakabebwa. Watu wakala, wakacheka, wakampa msafiri zawadi. Tangu siku hiyo aibu ikageuka sherehe, na manesi waliokuwa hawana hata wazo la kuondoka wakaanza kuulizana, "Mimi lini?"

Metroni alibakiwa na amri moja tu iliyokuwa na meno, na hiyo ilikuwa ya haki: hakuna nesi kutoka zamu kabla ya kukabidhi. Unampitisha mwenzako kitanda kwa kitanda, unamwambia huyu amekula nini, yule amekojoa au bado, na mwenzako anatamka, "Nimepokea." Asipotamka, huendi kokote, hata kama nyumba yako inaungua.

Hapo ndipo Kwaheri aliponaswa. Mara ya kwanza keki ililiwa, hotuba ikatolewa, akaingia chumbani kukabidhi. Yule aliyepangwa kupokea hakuwepo. Alikuwa ameondoka wiki ileile, nchi za baridi, na funguo amemwachia mlinzi wa getini. Safari ya Kwaheri ikavunjika. Mara ya pili waliletewa nesi wa wodi ya mifupa, mwanamke wa miraba minne aliyezoea kunyoosha mapaja ya watu wazima. Akaonyeshwa mtoto mmoja, mkono wake kama kidole cha paka. Nesi wa mifupa akasema, "Huyu nikimshika nitamvunja," akaanguka chali, na watu wakaanza kumhudumia yeye.

Nyumbani mambo yalikuwa makubwa zaidi. Mama yake Kwaheri, pale mtaani wakimwita Bi Mkubwa, alikuwa ameshatangaza kwamba binti amepaa. Alitangaza mapema, mara ya kwanza ileile, na kurudi nyuma kungemuumbua. Kwa hiyo Kwaheri alitoka na kuingia kwa mlango wa uani, kichwa amekifunika, kama mwizi wa kuku katika nyumba ya mama yake. Jioni, majirani wakishakaa kibarazani, Bi Mkubwa aliweka simu sikioni, simu isiyo na hata chaji.

"Ee mwanangu. Huko baridi?"

Kwaheri alikuwa jikoni anaosha sufuria, hatua chache nyuma ya ukuta.

"Jifunike vizuri. Wanakulisha? Anasema wanamlisha," akawaambia majirani. "Wazee wa huko wanamwita mama, na wao wana miaka mia."

"Mwulize kama theluji inaliwa," jirani mmoja akasema.

"Anasema inaliwa, ila haishibishi."

Majirani wakiondoka, Kwaheri alitoka jikoni na mikono yenye povu. "Mama, siku ukiaibika mimi simo."

"Nani ataaibika? Wewe ondoka, uongo wangu uwe kweli. Mimi nimeshafanya sehemu yangu."

Safari ya tatu haikuwa na mchezo. Wale waajiri walimpigia wakasema ndege ni Jumamosi, na asipopanda nafasi anapewa mwingine, wala asiwatafute tena. Kwaheri akakata simu, akaenda kugusa vinyayo. Hakulala vizuri wiki ile. Kubaki ni kuwatupa wa nyumbani, kwenda ni kuwatupa hawa wasio na hata nguvu za kulia. Na kila aliyemuuliza ushauri alikuwa na jibu tayari, kwa sababu mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mtu mmoja tu hakumshauri. Huyo alikuwa binti aliyeuza makoti ya mitumba getini. Alikuwa nesi aliyesoma akamaliza, cheti anacho, ila ajira ya serikali hakuna. Kila mwaka aliambiwa kibali chake kinashughulikiwa. Akisubiri kishughulikiwe, aliona manesi wanavyoondoka, akaona hawana nguo za baridi, akafungua biashara. Makoti yalikuja kwa marobota kutoka nchi za baridi, na manesi wakaenda nayo kule yalikotoka. Kwaheri alinunua kwake moja la kijivu, zito, lenye kofia.

"Hili limekuja juzi tu," binti akasema. "Ukipanda nalo ndege litajua njia lenyewe."

"Na wewe utauza makoti mpaka lini?"

"Mpaka manesi waishe, dada. Wakiisha nitafunga."

Ijumaa wakamuaga mara ya tatu. Mara hii alikuja Daktari Mkuu mwenyewe, mtu mwenye tumbo linalofika kikaoni kabla yake. Alikuwa hodari wa kuhutubia uzalendo. Hata alipokwenda kutibiwa meno ng'ambo aliwaachia manesi hotuba ya kuwashikilia mpaka arudi. Barazani zilipangwa viti, keki ikawekwa mezani. Keki yenyewe ilikuwa ngumu mpaka nzi alitua akateleza. Wagonjwa walijaa, ingawa baadhi walinung'unika kwamba nesi huyu wamemchangia mara mbili na hawajaona faida.

"Mara hii ukirudi, lile blanketi nililokuzawadia nalitaka," mgonjwa mmoja mwenye mguu wa plasta akamwambia.

"Nikirudi nitalirudisha na riba ya maziwa juu yake," Kwaheri akajibu.

Daktari Mkuu alikuwa ndio kwanza anapasha koo moto pale umeme ulipokatika. Hakuna aliyeshtuka, umeme wa pale ulikuwa na tabia zake, na jenereta ilikuwa imekaa muda bila tone la dizeli, buibui wameishi ndani wakazaa na kujukuu. Ila Kwaheri aliinuka akaenda chumbani mbio. Lile sanduku moja la joto lililofanya kazi lilikuwa na mtoto ambaye mama yake amefanyiwa upasuaji asubuhi hiyo, bado hajazinduka. Kina mama wengine vifua vilikuwa vimejaa, mmoja amefunga mapacha. Kwaheri akamtoa yule mtoto, akamfunga kifuani mwake mwenyewe, akarudi barazani akiwa amejifunika, kichwa cha mtoto kama ndimu chini ya kidevu chake.

Daktari Mkuu hakuona. Alikuwa ameshapanda mlima wa hotuba yake.

"Watoto hawa si wa mtu mmoja," alisema. "Ni wa taifa. Anayewaacha analiacha taifa likilia. Mimi, kama si shughuli za ofisi, wallahi ningewalea kwa mikono hii, kwa kifua hiki." Akapiga kifua.

Kilio cha taifa hakikusikika. Alisikika Metroni akipiga chafya, maana alikuwa na mafua makali na amefunika pua.

Kwaheri akasimama. Watu walidhani anataka kushukuru.

"Daktari, ahsante," akasema. "Hapa kwetu hatutoki bila kukabidhi. Nimetafuta wa kupokea, sijampata. Metroni ana mafua, hawezi kumkaribia mtoto. Nesi wa mifupa nimemwona akiruka ua. Wewe umesema una kifua. Naomba ufungue vifungo."

"Vifungo gani?"

"Vya shati. Mtoto anapoa."

Watu wote wakamtazama Daktari Mkuu. Akamtazama Metroni, na Metroni, mwanamke wa kanuni, hakuwa na pa kutazama.

"Amri ni amri, daktari," akasema kupitia kitambaa. "Nawa mikono kwanza."

Kwa hiyo Daktari Mkuu alinawishwa kama bwana harusi, akaketishwa kwenye kiti cha plastiki, shati likafunguliwa, na taifa likawekwa kifuani pake. Kwaheri akamfunga kitambaa, akakipandisha kichwa cha mtoto kisibanwe, akamwambia asijikune, asipige simu kwa sauti, asicheke. Kisha akamtajia: amekula saa ngapi, amekojoa mara ngapi, akibadilika rangi ya midomo aite upesi.

"Sema umepokea."

"Nimepokea," Daktari Mkuu akanong'ona.

Na hotuba aliimalizia kwa kunong'ona, maana mtu hawezi kukemea usaliti huku kitu chenye uzito wa embe kinapumua juu ya moyo wake. Watu wa nyuma hawakusikia neno. Wakapiga makofi kwa adabu, wakaambiwa wasipige makofi.

Keki ikaisha. Wagonjwa wakarudi vitandani. Dereva wa Daktari Mkuu akaja kumkumbusha kikao, akafukuzwa kwa jicho. Umeme haukurudi. Daktari Mkuu akaanza kutoka jasho, na mtoto, aliyekuwa anautaka sana ule moto, akajinyoosha kwa raha akakojoa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kikukojoleacho, lakini walijua.

"Nesi," akaita polepole. "Nani anakuja kunipokea?"

"Ndilo swali langu tangu mwaka jana, daktari."

"Ina maana hakuna mtu mwingine kabisa? Kwa nchi nzima hii?"

"Wapo tele. Mmoja yuko getini hapo, anauza makoti."

"Muuza makoti ndiye nesi?"

"Kibali chake kinashughulikiwa. Ofisini kwako."

Daktari Mkuu akafumba macho. Alikuwa na habari ya vibali hivyo, alivisema sana kwenye hotuba. Akaomba simu ishikwe sikioni pake. Upande wa pili alikuwa bwana mmoja wa makao makuu, mtu wa taratibu, aliyeeleza kwamba jambo lile lina hatua zake na lazima lipite kwenye kamati.

"Sikiliza, ndugu yangu," Daktari Mkuu akanong'ona. "Nimekojolewa. Nikikaa hapa mpaka kamati ikae, nitanyonyesha."

Kibali kilichokuwa kimekwama tangu binti amalize chuo kikapatikana kabla shati halijakauka. Wapo watakaobisha. Waende wakaulize lile shati.

Binti wa makoti akaitwa. Akaja na makoti yake begani, jasho linamtoka, akidhani anafukuzwa getini. Akaelezwa kwamba kibali kimetoka. Akayatua makoti mlangoni, akanawa mpaka viwikoni, na mikono ikakumbuka kazi yake. Kwaheri akampitisha kwa kila mama, kila kinyayo, kila mpira. Walipofika kwa Daktari Mkuu wakamfungua, wakamtoa mtoto, akabaki ameshika kifua chake kana kwamba ameibiwa.

"Ana jina?" akauliza.

"Bado. Mama yake hajazinduka."

"Basi akizinduka mwambie..." Akafunga vifungo vibaya, kimoja amekiruka, akaenda kikaoni hivyohivyo.

Waliobaki ni hao wawili na mtoto. Binti alimfunga kifuani, akakaa.

"Dada," akasema, "ungebaki tungekuwa wawili. Wewe na mimi, chumba hiki kingependeza."

Kwaheri alikuwa anakunja nepi. Hilo neno ndilo alilokuwa akiliogopa, na limemjia kutoka kwa mtu asiyewahi kumshauri.

"Kibali wamekitoa kwa sababu naondoka," akasema. "Jumatatu wakiniona hapa watasema nafasi imejaa, wakurudishe getini. Wananijua kwa kurudi."

"Kumbe."

"Nikienda nimewaibia hawa. Nikibaki nimekuibia wewe. Tafuta mwenye akili atuambie lipi dhambi ndogo."

"Mwenye akili ameshakwenda kikaoni."

Wakacheka kwa kujizuia, mabega yakitikisika, kina mama wakawatazama. Kisha Kwaheri akamgusa mtoto unyayo. Ulikuwa na joto.

"Nimepokea, dada," binti akasema. "Nenda."

Jumamosi asubuhi kulikuwa na tatizo jingine. Bi Mkubwa hakuweza kumsindikiza binti yake, kwa kuwa mtaani binti alishaondoka siku nyingi. Mzazi hawezi kulia barabarani kwa safari aliyoisherehekea mwaka jana. Basi akamuaga jikoni, kati ya sufuria. Akamfunga vishikizo vya lile koti mpaka shingoni, na jua lilikuwa la kuchoma mawe. Alimwambia tu asile theluji.

Kwaheri akatoka kwa mlango wa uani, akiburuta begi, blanketi la mwenye mguu wa plasta limo ndani. Jirani mmoja alikuwa anaanika nguo.

"Bi Mkubwa, huyo si binti yako? Amerudi?"

"Alikuja kunisalimia tu," Bi Mkubwa akajibu mlangoni. "Kazi imembana."

Pale hospitalini Jumatatu ilifika, na watu walichungulia chumba cha njiti kwa mazoea. Hawakumkuta. Mgonjwa wa plasta aliuliza blanketi lake, akaambiwa limepanda ndege, akasema basi angalau kimoja chetu kimefika. Binti aliyauza makoti yote kwa manesi wa wodi nyingine, ila moja la bluu, linalomtosha mabega. Hilo alilitundika nyuma ya mlango. Metroni alipoliona aliuliza la nani.

"La kufunikia watoto, Metroni, umeme ukikatika."

Metroni alilitazama koti, akamtazama binti, kisha akaenda jikoni kumwuliza mpishi ile keki ya kuagana hupikwa na nani.

Na Bi Mkubwa? Jioni moja alikuwa kibarazani na majirani, anawasimulia jinsi wazee wa nchi za baridi wanavyogombea kuogeshwa na binti yake, pale simu ilipolia. Ililia kweli, yenyewe, siku hizi ina chaji. Majirani wakasogeza masikio.

Bi Mkubwa aliitazama simu. Akainuka, akaingia ndani, akapita sebuleni mpaka jikoni, akafunga mlango. Sufuria zilikuwa zimerundikana, hakuna aliyeziosha.

"Ee mwanangu," akasema kwa sauti ndogo. "Huko baridi?"

Akasikiliza, sana. Kule kibarazani majirani walisubiri habari, na siku hiyo hawakupewa hata moja.